Kipe king'amuzi talaka moja, si tatu

Shemeji yangu wa Tabata alinipigia simu Jumapili moja jioni, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua na anatafuta shahidi tu.

"Shem, hiki king'amuzi nakiuza. Nalipia chaneli mia na ushee, tunatazama nne. Watoto wako YouTube kutwa, dada yako na tamthilia zake za Kituruki, mimi mpira. Nikivuta intaneti nyumbani, si vyote hivyo vimo humo?"

"Mpira gani?" nikamuuliza.

"Yanga. Na Arsenal."

"Basi usiuze. Kiweke kando kwanza."

Swali lake naulizwa karibu kila mwezi, na jibu langu halijabadilika: kipe king'amuzi talaka moja, si tatu. Aliyetoa talaka moja bado ana nafasi ya kurejea ndani ya eda. Aliyetoa tatu kwa hasira ya siku moja amejifungia mlango mwenyewe.

Tena sisi kurejea kwetu ni rahisi. Wamarekani wakizungumzia kuachana na televisheni ya kebo, mara nyingi wana mkataba wa kuvunja, na pengine faini ya kuuvunja. Huku wengi wetu hata kebo hatukuwahi kuwa nayo. Tuna dishi juu ya bati au antena iliyofungwa kwenye mlingoti, na king'amuzi kilichotuingilia nyumbani wakati mitambo ya analojia ilipozimwa, Dar es Salaam ikitangulia Desemba 31, 2012 na Kenya ikimalizia mwaka 2015. Tunalipa kabla ya kutazama. Usipolipa, chaneli za kulipia zinafungwa, na hakuna anayekudai. Ukilipa kesho kwa simu, zinafunguka. Kwa hiyo hulazimiki kuchagua kimoja na kukitupa kingine milele. Unaamua tu mwezi huu pesa ya kutazama iende wapi.

Anza na daftari

Kabla ya kuuliza huduma ipi ni nzuri, jua nyumba yako inatazama nini. Chukua daftari la shule, liweke karibu na rimoti, na kwa wiki moja kila anayewasha runinga aandike kipindi, saa alizokaa, na kama ni lazima kukiona kikiwa mubashara au kinaweza kungoja. Watoto wataandika kwa furaha. Baba mwenye nyumba ndiye atakayehitaji kukumbushwa.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye maamuzi. Tamthilia inangoja. Katuni zinangoja, tena mtoto yuko radhi kurudia ile ile mara arobaini. Filamu inangoja. Mpira haungoji, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku haingoji ikiwa nyumbani kuna mzee. Vile vinavyongoja ndivyo intaneti inavyovimudu kwa urahisi na kwa bei nafuu. Vile visivyongoja ndivyo vinavyokufunga kwa mtu fulani mwenye haki ya kuvionyesha.

Nyumba ya shemeji ilipomaliza wiki yake, daftari lilionyesha kuwa vitu vinne kwa kila vitano vinangoja. Lakini kile cha tano kilikuwa Yanga.

Njia kwanza, gari baadaye

Kosa ninaloliona sana ni mtu kujiunga na Netflix kwanza, halafu ndipo aanze kutafuta intaneti ya kuitazamia. Ni kununua gari kabla ya kuuliza kama mtaani kwako kuna barabara. Ada ya huduma ya filamu ndiyo sehemu ndogo ya gharama. Sehemu kubwa ni intaneti yenyewe.

Tupige hesabu. Netflix yenyewe inaeleza kuwa picha ya kiwango cha juu, yaani HD, hula hadi GB 3 kwa saa, na ile ya 4K hadi GB 7. Nyumba inayotazama saa nne kila usiku kwa HD inamaliza GB 12. Kwa siku thelathini ni GB 360. Sasa tazama bando la GB 20 ulilonunua kwenye simu ukidhani litamaliza mwezi: halimalizi usiku wa pili. Hapo ndipo watu husema intaneti "inaibiwa". Haijaibiwa, imetazamwa.

Kuna dawa, na ni ya bure. Kwenye mipangilio ya akaunti ya Netflix kuna sehemu ya kuchagua matumizi ya data. Kiwango cha kati hula hadi GB 0.7 tu kwa saa. Saa zile zile nne zinakuwa GB 2.8 kwa usiku, GB 84 kwa mwezi. Kwenye runinga ya inchi 32, ukiwa umekaa kwenye kochi upande wa pili wa sebule, tofauti ya picha utaizoea siku ya kwanza. YouTube nayo inakuruhusu kushusha picha hadi 480, na kuzima ile tabia ya kuanzisha video nyingine yenyewe wakati wote mmekwisha kulala.

Lakini ukweli ni kwamba bando la kuhesabu GB halifai kuwa msingi wa runinga ya familia. Linafaa kwa mtu mmoja mwenye simu, anayepakua vipindi kwa bando la usiku na kuvitazama kesho kwenye daladala. Familia inahitaji intaneti inayolipiwa kwa mwezi bila kuhesabiwa.

Faiba, 5G au setilaiti

Kama faiba imefika mtaani kwako, chukua faiba. Haijali mvua, haijali jirani wangapi wameingia mtandaoni saa tatu usiku kwa kiasi kile ambacho mnara wa simu hujali, na kasi yake haipandi na kushuka ovyo. Tatizo lake ni kwamba inafuata barabara za wenye nacho. Upande mmoja wa barabara ipo, ukivuka haipo.

Penye pengo hilo, ruta za 4G na 5G zimeingia. Vodacom ilizindua 5G Tanzania mwaka 2022, na Safaricom ikafanya hivyo Kenya mwaka huo huo. Ruta ya namna hii haihitaji fundi wa kutoboa ukuta, na ukihama nyumba unaibeba mkononi. Lakini mnara ni kama bomba la mtaa, maji yanatosha mpaka kila mtu afungue kwa pamoja. Ruta iweke dirishani upande wa mnara, usiifiche nyuma ya runinga wala ndani ya kabati la vyombo.

Kwa walio mbali na vyote viwili, intaneti ya setilaiti imefika jirani: Starlink ilianza Rwanda Februari 2023 na Kenya Julai 2023. Vifaa vyake ni ghali kuanza navyo na hula umeme mwingi kuliko ruta ya kawaida. Popote ulipo, hakikisha kwanza kuwa huduma ina leseni ya nchi yako. Kifaa kilichoingia kwa njia za panya kikizimwa, hakuna wa kumlilia.

Kuhusu kasi, usitishwe na namba kubwa za kwenye mabango. Netflix inapendekeza Mbps 3 hadi 5 kwa picha ya HD na Mbps 15 kwa 4K. Nyumba ya watu sita, runinga mbili na simu kadhaa, inatoshwa na Mbps 20 ambazo kweli zinafika. Kumbuka pia kuwa Mbps ni megabiti, na megabiti nane ndizo hufanya megabaiti moja. Kwa hiyo huyo anayekuambia "MB ishirini" anakuuzia mbili na nusu kwa sekunde. Hakudanganyi, ila na wewe uelewe.

Usimsikilize muuzaji peke yake. Nenda kwa jirani mwenye huduma hiyo hiyo, saa tatu usiku, si saa nne asubuhi. Mwombe waifai, fungua fast.com kwenye simu yako, usome namba. Kisha muulize swali ambalo bango halijibu: ikikatika, inarudi baada ya saa ngapi? Mimi niliwahi kujiunga na kampuni moja kwa sababu ya bei. Waya ulipokatwa na watu wa kuchimba mtaro, nilikaa siku kumi na moja nikipiga simu na kuambiwa fundi yuko njiani. Jirani yangu wa mlango wa pili angenieleza hayo bure, kama ningemuuliza.

Kwa muuzaji uliza haya manne, na majibu uyaandike: gharama ya kufungiwa ni kiasi gani; ruta ni yangu au ya kuazimwa; "bila kikomo" ina kikomo gani ambacho nikikivuka kasi inashushwa; na nikihama, nahama nayo? Kama umepanga, mwone baba au mama mwenye nyumba kabla fundi hajaja na mashine ya kutoboa ukuta.

Umeme, mgeni asiyeaga

Ushauri mwingi wa mambo haya huandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki. Sisi tuna habari njema moja ambayo wachache wanaijua. Faiba nyingi za majumbani haziendeshwi na umeme kule barabarani. Ni mwanga unaosafiri ndani ya kioo kutoka kwenye mitambo ya kampuni mpaka ukutani kwako. Mtaa ukiwa gizani, mara nyingi intaneti bado inafika mlangoni, ila ruta yako ndiyo imezimika.

Ruta hutumia umeme kidogo sana, nyingi kwa volti 12. Madukani kuna betri ndogo za ruta, ukubwa wa tofali dogo, zinazoiendesha kwa saa kadhaa. Runinga itazima, lakini simu na tableti zitaendelea, na watoto hawatajua kuwa LUKU imeisha. Nimeona watu wakinunua runinga ya inchi 55 wakaacha kununua kibetri hiki, na kila umeme ukikatika wanabaki wakitazama kioo cheusi kikubwa.

Kuna kukatika kwingine ambako betri haikusaidii. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Siku kama hiyo dishi halina habari, nawe utashukuru kwamba hukuuza king'amuzi. Naye mwenye dishi atamwonea wivu mwenye faiba siku ya mvua kubwa ya masika. Kila njia ina siku yake ya aibu.

Usibadilishe runinga

Huhitaji runinga mpya. Ikiwa runinga yako ina tundu la HDMI, kifaa kidogo cha kuchomeka nyuma kinaigeuza kuwa janja. Hata runinga janja ya miaka saba iliyopita, ambayo programu zake zimeanza kugoma, hufufuka kwa kifaa hicho hicho.

Hapa pana mtego. Visanduku vingi vya bei ya chini hutumia Android ya simu iliyovalishwa nguo za runinga. Netflix humo ama haifunguki, ama inaonyesha picha hafifu hata kama intaneti yako ni ya kasi. Tafuta kilichoandikwa Android TV au Google TV na chenye kibali cha Netflix. Na ukiuziwa kisanduku "chenye chaneli zote duniani, hulipii kitu," jiulize nani analipa. Mwaka 2023 wataalamu wa usalama wa mitandao walikuta visanduku vya bei ya chini vikiwa na programu hasidi tangu kiwandani. Kisanduku hicho kinakaa kwenye waifai ile ile ambayo simu yako yenye pesa inaitumia. Zile chaneli za wizi zinazouzwa kwa mwezi kupitia WhatsApp nazo hufungwa bila taarifa, kwa kawaida dakika ya ishirini ya fainali, na aliyekuuzia hapokei tena simu.

Moja kwa wakati mmoja

Mtu akihamia mtandaoni hupenda kujiunga na kila kitu, na baada ya miezi minne analipa zaidi kuliko alivyokuwa akilipia king'amuzi. Kanuni yangu ni huduma moja ya kulipia kwa wakati mmoja. Mwezi huu mkitazama Netflix, malizeni mliyoyataka, sitisheni, mwezi ujao nendeni kwingine. Filamu hazikimbii. YouTube ibaki kuwa uwanja wa wote, maana vituo vingi vya Tanzania na Kenya huweka habari na vipindi vyao humo.

Kuna tofauti moja ya malipo ambayo watu wa king'amuzi hawajaizoea. King'amuzi usipokilipia kinanyamaza. Huduma za mtandaoni zinajilipa zenyewe: kadi ikishaingizwa, kila mwezi pesa inakatwa, utazame usitazame. Tumia kadi ya mtandaoni inayotolewa na huduma ya pesa ya simu au benki yako, na weka humo kiasi cha mwezi mmoja tu. Siku ukisahau kusitisha, kadi tupu itakukumbukia. Angalia pia kama bei ni ya dola, kwa sababu shilingi ikishuka, ada inapanda bila mtu kukutangazia.

Na usijenge nyumba juu ya kitu cha bure. Netflix ilifungua mpango wa bure Kenya mwaka 2021, na kufikia Novemba 2023 ilikuwa imeufunga. Huduma hizi huja na kuondoka, hubadili bei, hubadili masharti ya kugawana nywila na ndugu wa mikoani. Hakikisho pekee ulilonalo ni uwezo wako wa kusitisha.

Mpira na mzee

Sasa turudi kwenye kile kisichongoja. Haki za Ligi Kuu Tanzania Bara ziko Azam, kwa mkataba wa miaka kumi na shirikisho la soka, TFF, uliosainiwa mwaka 2021 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ligi Kuu ya Uingereza kwa miaka mingi huku kwetu imekuwa SuperSport, kwa hiyo DStv. Hakuna ujanja wa intaneti unaobadilisha hilo. Unachoweza kubadilisha ni njia ya kuipata. Azam na DStv zote zina programu za kutazamia mtandaoni, kwa hiyo mwenye faiba nzuri anaweza kulipia bila kutegemea dishi. Thibitisha tu kuwa kifurushi unacholipia kinaruhusu chaneli ile unayoitaka, kwenye runinga na si kwenye simu pekee.

Lakini jiandae kwa jambo moja. Picha ya mtandaoni huchelewa, pengine nusu dakika au zaidi nyuma ya dishi. Ukikaa karibu na kibanda umiza, utasikia mtaa mzima ukipiga kelele za goli wakati kwako mpira bado unarushwa. Kwa shabiki wa kweli hiyo ni adhabu. Kwa hiyo nyumba ya mpira ndiyo yenye sababu halali ya kubaki na king'amuzi, ila kwa msimu. Juni na Julai, ligi zikilala, nacho kilale. Agosti ukiamshe. Kila mwanzo wa msimu ulizia upya haki ziko wapi, kwa sababu wenye biashara hii hubadilika: MultiChoice yenyewe, mwenye DStv, ilinunuliwa na Canal+ ya Ufaransa mwaka 2025.

Kuhusu mzee, usimlazimishe. Mama yangu alipokuja kutoka Tanga, nilimpa rimoti yenye kitufe cha maikrofoni nikamwonyesha maajabu yote. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nataka taarifa ya habari, sitaki kuzungumza na rimoti." Runinga nyingi za kisasa zina king'amuzi cha antena ndani yake, cha mfumo wa DVB-T2 unaotumika Tanzania na Kenya. Chomeka antena ya kawaida, amuru runinga itafute chaneli, na mahali pengi utapata vituo vya taifa bila kulipa mwezi. Niliiweka hiyo kuwa ndiyo inayofunguka runinga ikiwashwa. Mama akawa anabonyeza kitufe kimoja, saa mbili kasoro dakika tano, na nyumba ikatulia.

Kaa eda

Fanya haya kwa miezi mitatu kabla ya kuuza chochote. Mwezi wa kwanza lipia vyote viwili, intaneti na king'amuzi, uone nani anarudi wapi. Ndiyo mwezi wa gharama, usilalamike. Mwezi wa pili kiache king'amuzi kilale, uandike kila siku mtu alipokihitaji. Mwezi wa tatu jumlisha kila shilingi: intaneti, huduma ya filamu, na siku za mpira mlizokwenda kutazama nje, soda na chipsi zake zikiwemo. Kama jumla ni ndogo na daftari halina malalamiko, umeachana. Kama ni kubwa, hesabu kitu kimoja zaidi kabla ya kurudi: watoto wamesomea intaneti hiyo, na wewe umeacha kununua bando la simu kila wiki. Intaneti ya nyumbani haifanyi kazi ya runinga tu, na si haki kuibebesha runinga gharama yake yote.

Shemeji alimaliza eda yake mwezi Julai. Faiba anayo, Netflix wanaisitisha na kuirudia kwa mipango ya dada yangu, na watoto wameshushiwa YouTube hadi 480 bila wao kujua. King'amuzi kiko juu ya kabati la vyombo, kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Agosti ilipoingia akanipigia tena.

"Shem, ligi inaanza Jumamosi. Nimemrejea."